Ndege iliyoonekana na kila mtu: uchambuzi wa uokoaji wa PW494, Bukoba 2022

Jumapili, Novemba 6, 2022, kabla ya saa tatu asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500, usajili 5H-PWF, safari namba PW494 kutoka Dar es Salaam, iliangukia Ziwa Victoria ikijiandaa kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43: abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili. Walionusurika ni 24. Waliofariki ni 19, marubani wote wawili wakiwamo.

Ndege hii haikutafutwa. Pua ilizama, mkia ukabaki juu ya maji, na watu waliokuwa ufukweni waliuona kwa macho. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kuliko ajali nyingi kubwa zaidi. Hapakuwa na msitu, usiku wala bahari kuu. Palikuwa na ndege iliyokaa mita mia chache kutoka mwisho wa njia ya kurukia, pembeni mwa mji wenye hospitali ya mkoa, polisi, zimamoto na ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Ukiondoa visingizio vyote hivyo, kinachobaki ni mpangilio wenyewe: nani anapigiwa simu, nani anaamuru, nani ana boti, na ndani ya boti kuna nini. Kwa maoni yetu, PW494 iliangukia mahali ambapo kazi za mamlaka kadhaa zinagusana, na dakika 30 za kwanza hazikuwa na mwenyewe.

Kazi imegawanywaje

Mfumo wa nchi una misingi miwili ya kimataifa. Kwa anga kuna Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao Kiambatisho chake cha 12 kinataka kila nchi iwe na kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji kinachofanya kazi saa 24. Kwa maji kuna mkataba wa Hamburg wa 1979. Kutokana na mkataba huo wa pili, Afrika iligawanywa katika kanda, na mwaka 2006 kituo cha kanda yetu kikafunguliwa Mombasa, kikifuatiwa na cha Dar es Salaam. Ukitazama ramani utaona mara moja kwamba macho ya mpangilio huu yako Bahari ya Hindi. Ziwa Victoria, lenye eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, linategemea sheria za ndani na makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ndani ya Tanzania, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo yenye dhamana ya upande wa ndege. Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, linasimamia usalama wa vyombo vya majini. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege inaendesha uwanja na mpango wake wa dharura. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya 2007. Polisi wana kikosi cha wanamaji. Juu ya wote hao kuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya 2022, inayoweka kamati za maafa kuanzia kijiji hadi taifa, na katika mkoa mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa.

Kwa karatasi, hakuna pengo. Ajali ikiwa ndani ya uzio wa uwanja, mpango wa dharura wa uwanja unafanya kazi. Ndege ikipotea porini, kituo cha kuratibu kinaamka. Meli ikizama, TASAC na polisi wanamaji wanaingia. Sasa weka ndege majini, nje kidogo ya uzio. Ni ajali ya uwanja, ya anga, ya ziwa na ya mkoa kwa wakati mmoja, na kila ofisi ina sababu nzuri ya kuamini kwamba nyingine ndiyo inayoongoza.

Miongozo ya kimataifa ya utafutaji na uokoaji ina dawa ya tatizo hili, tena rahisi. Inataka ngazi tatu za watu: mwenye dhamana ya mfumo, ambaye ni mtu wa sera na fedha, mratibu wa operesheni, ambaye ni mmoja tu kwa kila tukio na hukaa kwenye simu na ramani, na mratibu wa eneo la tukio, ambaye yuko pale pale mvua inamnyeshea. Mtu wa kwanza mwenye uwezo kufika huchukua nafasi hiyo ya tatu mpaka apatikane anayefaa zaidi, na makabidhiano hutamkwa wazi: “Nimechukua uongozi wa eneo, saa fulani.” Cheo cha kiserikali hakimpi mtu kazi hiyo. Mwenyekiti wa kamati ya maafa ana kazi yake: kutoa magari, kufunga barabara, kuandaa hospitali, kusema na umma. Akisimama ufukweni akaanza kuelekeza kamba ifungwe wapi, nafasi mbili zimekuwa tupu, ya kwake na ya mratibu.

Kengele iliyotengenezwa kwa ndege zinazopotea

Waongoza ndege wana ngazi tatu za dharura. Ya kwanza, hatua ya mashaka inayoitwa INCERFA, huanza ndege isiposikika ndani ya dakika 30 tangu wakati ilipotakiwa kusikika. Ya pili, ALERFA, hutangazwa, kwa mfano, ndege iliyoruhusiwa kutua inapopitisha dakika tano za muda uliokadiriwa bila kutua na bila mawasiliano. Ya tatu ni DETRESFA, hatari iliyo wazi. Ni ngazi nzuri kwa ndege iliyonyamaza juu ya pori la Katavi. Kwa ndege iliyoanguka mbele ya macho, ngazi mbili za kwanza hazina kazi. DETRESFA inatangazwa papo hapo na dakika zinaanza kuhesabiwa kutoka sifuri.

Hapo umbali unaingia. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni takribani kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Kituo cha taifa kinaweza kuratibu kwa simu, lakini hakiwezi kumtoa mtu majini. Mwanza, ambako vifaa vya ziwa ni vingi zaidi, iko karibu kilomita 180 kwa maji. Boti ya mwendo wa noti 25, sawa na kilomita 46 kwa saa, inahitaji kama saa nne, tena ziwa likiwa limetulia. Kwa mtu aliyenasa ndani ya ndege inayojaa maji, msaada wa Mwanza unafika kwa ajili ya miili. Kwa hiyo uokoaji wa Bukoba ulitakiwa uwepo Bukoba.

Na sharti hilo lipo. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago, kinachohusu viwanja vya ndege, kinasema kwamba uwanja ulio karibu na maji, ambao sehemu kubwa ya ndege zake hupita juu ya maji hayo zikitua au kuruka, lazima uwe na huduma maalumu za uokoaji zinazolingana na hatari hiyo. Ni sharti, halikuandikwa kama ushauri. Bukoba ni mfano wa kitabuni: njia ya kurukia ya 13/31 ina urefu wa takribani mita 1,500, na anayetua upande wa 31 anapita juu ya ziwa.

Tatizo ni jinsi utayari unavyopimwa. Ukaguzi wa zimamoto la uwanja huanza na urefu wa ndege. ATR 42 ina mita 22.67, hivyo inaangukia daraja la 4, la ndege za mita 18 hadi chini ya 24. Daraja hilo linataka gari moja, lita 2,400 za maji kwa povu la kiwango B, na kilo 135 za unga mkavu. Gari lifike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu. Mkaguzi anaweza kuzihesabu lita hizo, kushika saa, kuweka alama ya tiki na kuondoka, na kila alichoandika kikawa kweli. Lakini hakuna lita hata moja kati ya hizo inayomsaidia aliye ndani ya ziwa. “Huduma maalumu” haina jedwali la namba, na kisicho na namba ndicho kinachosahaulika bajeti inapopunguzwa.

Mlango wa nyuma, na marubani mbele

Waliofika kwanza ni wavuvi, kwa mitumbwi yao. ATR 42 ina mabawa juu ya kiwiliwili, na mlango wa abiria uko nyuma kushoto, kinyume na ndege nyingi ambazo abiria huzizoea. Mlango wa mbele ni wa mizigo. Milango midogo ya dharura iko mbele, pande zote mbili. Pua ilipozama, milango hiyo ya dharura ya mbele ikaenda chini ya maji, na mlango wa nyuma ukabaki njia iliyo karibu na hewa. Ulipofunguliwa, watu walianza kutoka na kupandishwa mitumbwini. Mmoja wa wavuvi hao, kijana, alisifiwa nchi nzima na kupewa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili. Ila ajira hiyo inasema pia jambo jingine: siku ile, mwokoaji wa kwanza wa taifa alikuwa mtu asiyekuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Marubani walikuwa hai kwa muda baada ya ajali. Mkuu wa Mkoa alisema mawasiliano nao yalikuwapo wakiwa bado ndani ya chumba chao. Juhudi za kuwatoa kwa kuvunja dirisha na kuvuta kwa kamba hazikufanikiwa. Hapa ndipo utaalamu ungebadilisha mambo, na inafaa tukae kidogo.

Mtu aliyenasa ndani ya chombo kilichozama nusu anaishi kwa hewa iliyobanwa juu ya kichwa chake. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayokiinua chombo. Ukitoboa juu ya usawa wa maji ya ndani, hewa inatoka, maji yanapanda, na chombo kinazama zaidi. Kanda ya Ziwa inalijua hili kwa uchungu: Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, sehemu ya chini ya meli ilitobolewa ili kuwafikia waliosikika wakigonga ndani, hewa ikatoka, na meli ikazama. Upande wa pili kuna MV Nyerere, Septemba 2018, Ukara: fundi mmoja alitolewa akiwa hai siku mbili baada ya kivuko kupinduka, alikuwa karibu na injini mahali penye hewa.

Utaratibu wa kazi, basi, ni huu. Kwanza zuia chombo kisizame zaidi: mikanda mipana kupita chini ya mkia na kiwiliwili, ifungwe kwenye boti mbili au maboya ya kuinulia. Kamba nyembamba inakata bati au inakatika, na kamba inayokatika ikiwa imekazwa humpiga aliye karibu kwa nguvu ya kuua. Pili mzamiaji aingie kwa chini, kupitia tundu lililo chini ya usawa wa maji ya ndani, ambako hewa haitoroki, akiwa na mdomo wa pili wa kupumulia kwa ajili ya aliyenasa. Tatu, akiwa tayari ameshikwa, ndipo fungua njia ya kutokea hata kama hewa itapotea. Chumba cha marubani cha ATR kina kidirisha cha dharura darini. Anayejua hilo hapotezi dakika akigonga vioo vya mbele, ambavyo vimetengenezwa kustahimili kugongwa na ndege wa angani kwa mwendo mkubwa. Kuivuta ndege nchi kavu kwa kamba na watu, kama ilivyofanyika baadaye, ni kazi ya kuopoa. Ikianza kabla watu hawajatoka, inaweza kuvuruga ile hewa.

Mtungi mtupu

Taarifa ya awali ya uchunguzi, iliyotolewa mwezi ule ule wa ajali, ilieleza kwamba boti ya polisi wanamaji ilifika ikiwa na upungufu wa “oksijeni” kwa wazamiaji na mafuta yasiyotosha. Kwa kweli mtungi wa mzamiaji hubeba hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, na hilo lina maana kwa utayari: hewa haihitaji kununuliwa kiwandani, inahitaji kompresa ya kujazia iliyo safi na mtu wa kuiendesha.

Piga hesabu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la bar 200 una lita 2,400 za hewa. Ukiacha bar 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mzamiaji anayefanya kazi nzito, kwa hofu na giza, hutumia kama lita 50 kwa dakika. Kwenye kina cha mita tano shinikizo ni mara moja na nusu, kwa hiyo lita 75. Mtungi umekwisha ndani ya dakika 24. Wazamiaji wawili wakifanya kazi mfululizo kwa saa tatu wanahitaji mitungi 15, bila kuhesabu ya mzamiaji wa tatu anayekaa juu akiwa amevaa tayari kwa ajili ya kuwaokoa wao. Kikosi kinachofika na mitungi miwili au mitatu kimekuja kutazama. Bila kompresa ufukweni, kazi inasimama kabla ya nusu saa ya pili kwisha.

Mafuta ni suala la utawala zaidi kuliko la ufundi. Pale ambapo mafuta ya boti huombwa kwa safari, kwa barua na sahihi, tenki hukaa karibu na sifuri kati ya safari moja na nyingine. Boti ya uokoaji inatakiwa ijazwe inaporudi, na kitabu chake kiwe na safu moja tu ya muhimu: kiasi kilichopo tenkini kila asubuhi.

45 kati ya 43

Kosa moja dogo la siku ile linaonyesha hali ya uratibu kuliko mengi makubwa. Waliookolewa walitangazwa kuwa 26. Baadaye waliofariki wakatajwa 19. Jumla ni 45, wakati orodha ya ndege ina 43. Hatimaye idadi ya walionusurika ikasahihishwa kuwa 24. Katika purukushani hilo hutokea kwa urahisi: mwokoaji aliyeumia analazwa pamoja na abiria, mtu mmoja anaandikwa ufukweni na tena hospitalini. Madhara yake si ya magazeti tu. Mratibu asiyejua waliobaki ndani ni wangapi hawezi kujua lini wazamiaji waache kuhatarisha maisha yao.

Dawa yake ni meza moja, yenye orodha ya abiria kutoka shirika la ndege ndani ya dakika za mwanzo, na kadi yenye namba inayofungwa mkononi kwa kila anayetoka majini, akiwa hai au amekufa. Mwokoaji anafungwa kadi ya rangi nyingine. Hakuna anayetangaza namba isiyotoka mezani hapo.

Nani anamkagua mkaguzi

TCAA ni mdhibiti wa usafiri wa anga, na wakati huo huo inatoa huduma ya kuongoza ndege. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linapokagua nchi, hutazama kama kazi hizo mbili zimetenganishwa, kwa sababu chombo hakiwezi kujiandikia dosari kwa ukali kinaowaandikia wengine. Uchunguzi wa ajali nao umo ndani ya wizara inayosimamia uchukuzi, wizara ile ile ambayo viwanja viko chini yake. Hatusemi wachunguzi walificha. Kinyume chake, taarifa ya awali ilisema wazi kuhusu mitungi na mafuta. Tunachosema ni kwamba muundo wa taarifa za ajali za ndege unaupa uokoaji kipengele kimoja, namba 1.15, kuhusu uwezekano wa kunusurika. Polisi wanamaji, zimamoto na kamati ya maafa hawako chini ya mdhibiti wa anga. Mapendekezo yakielekezwa kwao, hakuna mwenye mamlaka ya kurudi baada ya miezi sita kuuliza yamefikia wapi. Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye dhamana ya maafa, ndiyo pekee iliyo juu ya wote hao, na ndiyo ingepaswa kufungua daftari hilo.

Ziwa lenyewe limeanza kupewa umbo. Mradi wa mawasiliano na usafiri wa Ziwa Victoria, unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa Tanzania na Uganda, umeleta ujenzi wa kituo cha uratibu Mwanza. Ni hatua kubwa kwa wavuvi na vyombo vya abiria. Kwa uwanja wa Bukoba, hesabu ya saa nne bado iko pale pale.

Kinachohitajika Bukoba ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Boti moja ya mpira yenye sakafu ngumu, kwenye gari la kukokota, upande wa ziwa wa uwanja, na njia ya kuishushia. Maboya ya kupulizwa yanayotosha watu 50, kwa sababu ATR 42 inabeba karibu idadi hiyo. Mikanda ya kufungia, shoka, kikata bati, seti nne za kuzamia, kompresa. Na wavuvi waliosajiliwa: kila mwalo wa karibu na uwanja una uongozi wake, kwa hiyo orodha ya manahodha na simu zao ni kazi ya siku moja. Wapewe jaketi okozi na kamba ya kurusha ya mita 30, wafundishwe milango ya ATR iko wapi, walipwe mafuta wanapoitwa.

Kiambatisho cha 14 kinataka zoezi kamili la dharura lisilopitisha miaka miwili, na la sehemu katikati yake. La Bukoba lifanywe Jumapili asubuhi, mvua ikiwapo ni bora zaidi, bila boti kujazwa mafuta jana yake. Saa ianze kengele inapolia na isimamishwe mwokoaji anaposhika mpini wa mlango wa nyuma. Muda huo uandikwe kwenye cheti cha uwanja, mstari mmoja chini ya zile lita 2,400 za maji ya zimamoto.